Nakala za Bendera za Kale za Marekani

Miongoni mwa wakusanyaji wa vitu vya kihistoria nchini Marekani wamo wanaotafuta nakala za kumbukumbu, yaani bendera zilizoshonwa miaka mingi baadaye ili zifanane na zile zilizopeperushwa wakati koloni 13 zilipopigania uhuru kutoka kwa Uingereza. Bendera halisi za vita hivyo zilizosalia ni chache mno na nyingi zimo katika makumbusho, hivyo nakala humpa mtu wa kawaida nafasi ya kushika mkononi kile ambacho vinginevyo angekiona nyuma ya kioo tu.

Wingi wa aina zake unatokana na ufupi wa azimio la Kongresi la tarehe 14 Juni 1777, lililotaja milia 13 myekundu na myeupe inayopishana na nyota 13 nyeupe katika uwanja wa buluu, bila kueleza nyota hizo zipangwe vipi, kwa hiyo kila mshonaji alizipanga alivyoona inafaa. Mpangilio wa duara ndio unaopendwa zaidi, nao huitwa kwa jina la Betsy Ross, fundi wa Philadelphia, ingawa habari kwamba ndiye aliyeshona bendera ya kwanza zilitangazwa na mjukuu wake, William Canby, mwaka 1870, na hakuna hati ya wakati wa vita inayozithibitisha. Francis Hopkinson, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru, kwa upande wake alidai malipo mwaka 1780 kwa kazi ya kubuni bendera.

Mfano unaofundisha zaidi ni bendera ya Bennington, yenye tarakimu 76, nyota za ncha saba na mlia mweupe juu kabisa. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ilikuwapo katika mapigano ya Bennington ya mwaka 1777, lakini wataalamu waliochunguza kitambaa chake wanaiona kuwa kazi ya karne ya 19. Maana yake ni kwamba bendera inayoigwa yenyewe huenda ni ya kumbukumbu, na kwa hakika hilo haliipunguzii thamani.

Umri wa nakala husomwa katika mshono na kitambaa. Mshono wa cherehani hauwezi kuwa wa karne ya 18, kwa kuwa Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846. Nailoni ni ya karne ya 20. Nao uzi unaong'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno kwa kawaida umetiwa kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Nakala nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 200 ya uhuru mwaka 1976, na anayeloweka mojawapo kwenye chai ili aiuze kama ya kale ni mlaghai.

Kuhusu utunzaji, kuna funzo katika bendera ya baadaye: bendera kubwa iliyoshonwa na Mary Pickersgill mwaka 1813 kwa ajili ya ngome ya McHenry ilikuwa na urefu wa futi 42, na leo imebaki na futi 34 hivi, hasa kwa sababu vipande vyake vilikatwa na kugawiwa kama ukumbusho. Hivyo mwenye nakala asiikate vipande, aiepushe na jua, aiviringishe badala ya kuikunja, na asiikate lebo ya kiwanda, kwa maana hiyo ndiyo itakayomwambia mrithi wake ukweli kuhusu asili yake.