Kiapo cha Asiyeamini: Madai Mawili Yanayochanganywa

  

Miongoni mwa maswali yanayowafikia maimamu wetu siku hizi, hasa kutoka kwa vijana walioko vyuoni, ni yale yanayohusu watu wasioamini Mungu na wanayoyadai juu ya nafasi ya dini mahakamani, bungeni, mashuleni na katika shughuli za serikali. Jambo hili si la Ulaya peke yake tena. Mwaka 2016 jumuiya ya watu wasioamini ilisajiliwa rasmi nchini Kenya, na mwaka huo huo usajili wake ukasimamishwa, ikawa gumzo kubwa misikitini na makanisani.

Tumesikiliza khutuba kadhaa juu ya suala hili, na tumeona ndani yake mambo mawili yakichanganywa kama kwamba ni moja. La kwanza ni dai la asiyeamini kwamba asilazimishwe kutamka au kutenda jambo la ibada asiloliamini. La pili ni dai kwamba dini isionekane wala isisikike kabisa katika mambo ya umma, hata kwa yule anayeiamini. Anayeyajibu yote mawili kwa jawabu moja huishia kulikataa lile ambalo fiqhi yetu inalipa nafasi, na huenda akashindwa kulijibu lile linalohitaji jawabu. Tumechagua kulieleza suala hili kwa njia ya kiapo, kwa sababu ni hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na kiapo ni mlango ambao mafaqihi wameufanyia kazi kubwa.

Ni akina nani hawa?

Watu wa namna hii si wapya kwa maulamaa. Katika Suratul-Jaathiya, aya ya 24, wametajwa waliodai kuwa hakiwamalizi ila kupita kwa zama, na kutokana na neno hilo la dahari, ambalo limo hata katika Kiswahili chetu, wakaitwa Dahriyya. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia) katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal aliwagawa wanafalsafa mafungu matatu, na fungu la kwanza akaliita Dahriyyun.

Wa zama zetu wanajigawa pia. Wapo wanaosema tu kwamba hakuna Mungu. Wapo Wahumanisti, ambao huongeza kuwa utu na akili ya mwanadamu vinatosha kuwa msingi wa maadili. Na lipo suala la usekula, ambalo ni jingine. Neno hilo kwa maana yake ya leo lilitungwa mwaka 1851 na Mwingereza George Jacob Holyoake, mtu aliyewahi kufungwa jela miezi sita mwaka 1842 kwa kosa la kukufuru. Holyoake alishikilia kuwa mtu anaweza kuwa msekula bila ya kumkana Mungu. Mwenzake Charles Bradlaugh, aliyeasisi Jumuiya ya Kitaifa ya Masekula mwaka 1866, alimpinga na kusema kuwa usekula mwisho wake ni kukana. Kwa hiyo hata wao wenyewe hawajakubaliana, na si uadilifu kumbebesha kila mmoja wao kauli ya mwenziwe.

Mtu aliyekataa kuapa

Bradlaugh huyu alichaguliwa kuwa mbunge wa mji wa Northampton mwezi wa Aprili 1880. Mbunge wa Uingereza hakuruhusiwa kukaa kitini mpaka ale kiapo kwa jina la Mungu. Bradlaugh akaomba badala yake athibitishe kwa ahadi ya dhati, kama walivyokuwa wakiruhusiwa Makweka, madhehebu ya Kikristo ambayo Injili inawazuia kuapa kwa ufahamu wao, na ambao sheria iliwakubalia tangu mwaka 1696. Bunge likamkatalia. Basi akasema yuko tayari kutamka maneno ya kiapo, ingawa kwake yeye hayana maana yoyote, na kwamba ahadi iliyomo ndani yake itamfunga. Hapo ghadhabu ikazidi: wakamwambia kwamba kwa kuwa amekiri haamini, hawezi kuapa pia!

Akawa hana njia. Kuthibitisha haruhusiwi, kuapa haruhusiwi. Mwezi wa Juni 1880 alilala usiku mmoja kifungoni katika mnara wa saa wa Bunge, na mwezi wa Agosti 1881 alitolewa nje kwa nguvu. Watu wa Northampton walimchagua tena mwaka 1881, na 1882, na 1884, na 1885. Waziri Mkuu Gladstone, ambaye alikuwa Mkristo mshika dini sana, alipeleka muswada mwaka 1883 ili mtu kama huyo aruhusiwe kuthibitisha. Ukaanguka kwa kura tatu, 292 dhidi ya 289. Ilikuwa Januari 1886 ndipo Spika mpya alipomwacha ale kiapo bila ya kuulizwa, na mwaka 1888 ikapitishwa Sheria ya Viapo ambayo Bradlaugh mwenyewe aliipigania. Kwa sheria hiyo, asiye na dini, na yule ambaye dini yake inamkataza kuapa, wote wawili wanathibitisha, na uthibitisho wao una nguvu ya kiapo.

Kabla yake lilimkuta hivyo Lionel de Rothschild, Myahudi aliyechaguliwa mwaka 1847 na hakukaa kitini hadi 1858, kwa kuwa kiapo kilimtaka aape kwa imani ya kweli ya Mkristo. Laiti angechaguliwa Muislamu siku hizo, angesimama nje ya mlango ule ule. Hili tunaomba lizingatiwe: kiapo cha lazima hakikuwekwa kumlinda Mungu. Kiliwekwa kulinda kundi moja la watu, na waliozuiliwa nacho ni wengi kuliko mulhidi mmoja.

Wanasemaje mafaqihi?

Nguvu ya yamini inatokana na kumtukuza yule anayeapiwa. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, akaamuru kwamba mwenye kuapa aape kwa Allah ama anyamaze. Asiyemtukuza Allah, yamini yake inakaa wapi?

Hapa maimamu wamekhitalifiana. Kwa Mahanafi na Mamaliki, Uislamu ni sharti la kuswihi kwa yamini, hivyo kafiri akiapa kisha akavunja hana kafara, kwa sababu kafara ni ibada na yeye si mtu wa ibada. Kwa Mashafi'i na Mahanbali, yamini yake inafungika. Lakini wote wanakubaliana kuwa mbele ya kadhi asiye Muislamu huapishwa anapotakiwa kuapa. Myahudi huapishwa kwa Allah aliyemteremshia Musa Taurati, na Mnasara kwa Allah aliyemteremshia Isa Injili. Angalia hekima iliyomo: anaapishwa kwa lile analolitukuza moyoni mwake, ili ulimi wake uogope.

Na dahri je? Katika vitabu vya Kishafi'i imetajwa kwamba huapishwa kwa Allah, Muumba, Mwenye kuruzuku. Mwanafunzi anaweza kuishika kauli hii na kusema: mbona basi mnamwonea huruma Bradlaugh, na mafaqihi wetu wangemwapisha? Swali ni la haki. Jawabu tunaloliona ni kwamba yamini ya mahakamani ina kazi yake maalumu, nayo ni kukata ugomvi. Mdaiwa anayekanusha anaapa ili dai limwondokee, na akikataa hukumu ina njia yake. Hakuna haki ya mtu itakayopotea kwa sababu mdaiwa amesema haamini. Ama kiapo cha kuingia katika cheo hakikati ugomvi wowote. Ni ahadi, na makusudio yake ni mtu atimize aliloahidi. Kumtamkisha mulhidi jina la Mwenyezi Mungu mahali kama hapo, huku wote waliohudhuria wanajua hamwamini, ni kulifanya jina tukufu kuwa mchezo. Aliyekataa kulitamka kwa uongo, kwa hilo peke yake, amelihifadhi zaidi kuliko waliotaka kumlazimisha.

Tena tunao mfano mkubwa zaidi. Huko Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, ulipoandikwa mkataba na Makureshi, Suhail bin Amr aliikataa Bismillahi kwa majina ya Rahmani na Rahimi, na akakataa yaandikwe maneno ya Mtume wa Allah, kwa hoja kwamba lau wangeyaamini hayo wasingempiga vita. Masahaba waliona uzito mkubwa. Mtume (s.a.w.) akakubali iandikwe Bismika Allahumma, na jina lake na la baba yake tu. Hakumtia Suhail sahihi juu ya jambo asiloliamini. Wakati huo huo mkataba haukuachwa bila ya jina la Mungu, kwa sababu matamko ya Bismika Allahumma Suhail mwenyewe aliyajua na kuyakubali. Wanaotaka kuutumia mkataba huu kwa upande mmoja tu wausome mpaka mwisho.

Dai la pili

Sasa tuje kwa wanaosema dini itoke kabisa. Huko Uingereza Wahumanisti wanapinga maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana kukaa katika Baraza la Juu la Bunge kwa sababu ya cheo chao cha dini tu. Hatuoni Muislamu ana hoja gani ya kuutetea upendeleo huo. Sheria ya kukufuru ya nchi hiyo ilipofikishwa mahakamani na Waislamu, ikaamuliwa mwaka 1990 kuwa inaulinda Ukristo peke yake. Ilifutwa mwaka 2008 na sisi hatukupungukiwa na kitu.

Lakini angalia jambo la mji wa Bideford. Madiwani walikuwa wakifungua kikao kwa sala. Masekula wakaenda mahakamani, na mwaka 2012 jaji akaamua kwamba baraza halina mamlaka ya kuiweka sala katika ajenda yake. Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 2015 kuyarudishia mabaraza uwezo huo. Sala ile ilikuwa ya hiari, na diwani aliyetaka kutoka alitoka. Na Ufaransa, ambako serikali ilitenganishwa na makanisa kwa sheria ya mwaka 1905, ilipitishwa mwaka 2004 sheria nyingine inayokataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali, na waliopata tabu zaidi ni mabinti zetu wenye hijabu.

Wanaotetea sheria hiyo husema kwamba shule isiyo na alama ya dini haimpendelei mtu. Sisi tunawapima kwa mizani ya Bradlaugh wao wenyewe. Yeye alisema: msinilazimishe kutamka nisiloliamini. Binti anasema: msinilazimishe kuvua ninaloliamini. Dai ni moja. Aliyemwonea huruma wa kwanza akamfukuza wa pili ameacha kanuni yake na kushika chuki. Wapo Wahumanisti wanaoliona hili na kulisema, na wapo wasioliona. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 iliruhusu kiapo au uthibitisho, na ikakataza mtu kupimwa kwa dini yake ili apewe kazi ya serikali kuu. Ni chini ya kanuni hiyo Keith Ellison, Muislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo, aliapa Januari 2007, na katika hafla yake akatumia msahafu uliokuwa mali ya Thomas Jefferson. Waliolalamika hawakuwa mulhidi.

Mlango tunaoupita sisi

Wengi hawajui kwamba habari hii imo mahakamani kwetu. Waingereza walipoitawala India waliona tabu ya kuwaapisha watu kwa msahafu na kwa maji ya mto Ganges, na kwa sheria ya mwaka 1840, kisha ya 1873, Mabaniani na Waislamu wakawekwa kuthibitisha badala ya kuapa. Tanzania Bara, Sheria ya Viapo na Matamko ya mwaka 1966, Sura ya 34, kifungu cha 4, inamruhusu kuthibitisha mtu mwenye imani isiyo ya Kikristo, na pia asiye na dini, na pia ambaye dini yake inamkataza kuapa. Maneno ya sehemu hiyo ya mwisho yanafanana mno na yale ya mwaka 1888. Muislamu na mulhidi wanaingia kwa mlango mmoja, na mlango huo Bradlaugh ana mkono wake ndani yake.

Limezuka kutokana na hili jambo la hatari. Baadhi ya watu wetu hudhani kwamba, kwa kuwa hawakuapa bali wamethibitisha, basi uongo umekuwa mwepesi. Ni kosa kubwa. Ikiwa katika matamko yake ametaja jina la Allah kwa makusudio ya kuapa, hiyo ni yamini, na akisema uongo kwa makusudi ni yamini ghamusi. Kwa Mashafi'i ana kafara pamoja na toba, na kwa jamhuri ya maulamaa haina hata kafara, kwa ukubwa wa dhambi yake. Ikiwa hakulitaja jina la Allah, Mashafi'i hawaihesabu yamini, na kwa Mahanafi neno kama nashuhudia au naapa laweza kuwa yamini hata bila ya kulitaja. Katika hali zote mbili ushahidi wa uongo unabaki kuwa miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Katika hadithi ya Abu Bakra (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipofika kuutaja alikuwa ameegemea, akaketi sawasawa, akaukariri mpaka waliokuwapo wakatamani anyamaze.

Wala asidhani mtu kwamba atajiokoa kwa tauria, kwa kutamka neno na kukusudia jingine moyoni. Yamini inayotakiwa na hakimu kwa haki hufuata nia ya hakimu aliyeitaka, kama ilivyopokewa na Imam Muslim. Imamu ambaye watu wa msikiti wake wana kesi ya kiwanja au mirathi na awaeleze hili kabla ya siku ya kusikilizwa.