Amka alfajiri ukamsikilize hondohondo wa Kinondo

Msomaji, hebu jiulize: ukiacha kuku na bata, ni ndege wangapi unaoweza kuwataja kwa majina? Muulize na mwanao. Huenda akataja kunguru na njiwa, kisha akanyamaza.

Kama mko Pwani, dawa haiko mbali. Kusanya jamaa na majirani, watu sita au wanane, mvuke feri ya Likoni, mpande matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk ya kuwafikisha Kinondo, kusini mwa hoteli za Diani. Huko ndiko iliko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo wenye ukubwa wa hekta 30 hivi. Ni mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Fikeni mapema, kwani jua likishapanda ndege wengi hunyamaza. Kabla ya kuingia, mwenyeji wenu atawafunga kaniki nyeusi kiunoni na kuwapa masharti: hakuna kupiga kelele, na hakuna kutoka na chochote, hata jani lililoanguka. Usione ni ushirikina tu. Vyaelea, vimeundwa. Nje ya kaya, sehemu kubwa ya msitu wa Diani imekatwa kupisha hoteli na nyumba. Huu umesalia kwa sababu wazee waliulinda.

Ndani ya msitu, tangulizeni masikio, macho yafuate. Mkisikia sauti kama ya mtoto mchanga anayelia juu ya miti, msishtuke. Huyo ni hondohondo, mwenye mdomo mkubwa uliobeba pembe juu yake. Ndoa yake ina mafunzo. Wakati wa kutaga, mke huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo hadi ukabaki ufa mwembamba. Kwa majuma mengi mume ndiye mtafutaji, akileta matunda na kumlisha mke na makinda kupitia ufa huo. Manati ya kijana mmoja ikimwangusha dume huyo, nyumba nzima huenda ikaangamia kwa njaa. Aidha, miti mikubwa ikikatwa, hondohondo hana pa kuolea.

Mkibahatika mtamwona pia kulukulu, wa kijani kibichi, ambaye huonyesha wekundu wa mbawa zake anaporuka. La ajabu ni kwamba wekundu huo una madini ya shaba ndani yake.

Lakini mkitoka tu nje, mtakutana na mgeni asiyejua kuaga: kunguru wa Kihindi mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akasambaa hadi Mombasa na pwani nzima. Leo hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mnamo Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Hata hivyo, sumu pekee haitoshi ikiwa sisi wenyewe tunamwandalia karamu kila siku kwa taka tunazomwaga ovyo. Hapo kila nyumba ina kazi ya kufanya.

Matembezi ya namna hii si jambo geni nchini. Jijini Nairobi, Bi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, na wengi wamejifunza humo. Hakuna sababu ya watu wa Kwale, Ukunda na Msambweni kukosa yao.

Darubini ni nzuri, lakini si lazima. Bebeni maji, viatu vya kufunika vidole, daftari na kalamu. Kila mtoto aandike ndege aliowaona, rangi zao na sauti zao. Mkirudi nyumbani, keti naye kwa bibi yake amtajie majina ya ndege hao kwa Kidigo. Mtoto anayemjua ndege kwa jina huona haya kumlenga kwa manati.