Ahadi za Uchaguzi na Wenye Biashara wa Lamu

Wakati wa uchaguzi vyama huahidi mengi: leseni nafuu, masoko mapya, meli bandarini. Yafaa mwenye duka au jahazi, awe Lamu, Faza au Kizingitini, aulize kwanza: ni nani mwenye uwezo wa kuitimiza ahadi hii? Kwa Katiba ya 2010, leseni za biashara na masoko ni kazi ya serikali ya kaunti. Lakini bandari ya meli za ng'ambo ni shauri la Serikali ya Taifa. Pili aulize: lini? Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Aliyekopa fedha akitumainia meli hizo alingoja miaka 9, na deni halingoji.