Sura ya Nne: Matembezi ya Nauli ya Daladala

Watu wengi wanaamini kwamba utalii ni wa wenye fedha, na kwamba cha kuonwa kiko Serengeti au Kilimanjaro. Mkazi wa Tegeta mwenye imani hiyo hupitwa na mengi yaliyo karibu na kituo chake cha daladala. Nitaitumia Tegeta kuwa mfano, na nitagusa mambo matatu: bahari, msitu na magofu.

Pwani ya wavuvi ya Kunduchi inataka ujuzi wa mwezi kuliko inavyotaka pesa. Wapo wanaosema bahari ikimchukua mtu ilikuwa inamdai. Bahari haimdai mtu yeyote. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na pwani ya Dar es Salaam maji hutoka kabisa asubuhi, kwenye saa nne au saa tano. Hiyo ndiyo asubuhi ya kuwapeleka watoto wakaone majongoo ya bahari na viti vya pweza kwenye madimbwi ya miamba. Geukeni kurudi mara maji yanapoanza kuingia. Anayechelewa hurudi yakiwa kiunoni. Kisiwa cha Mbudya, kilicho mbele yenu, ni hifadhi tangu 1975, kwa hiyo andaeni ada na nauli ya boti.

Msitu ni wa Pugu, upande wa pili wa jiji. Ni safari ya siku nzima, na uliza ada kabla ya kwenda. Ukifika huko, kumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu hadi 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU.

Magofu nilikusudia kuyapa nafasi sawa na msitu, lakini Kunduchi haikubali kufupishwa. Kati ya mibuyu yamesimama mabaki ya msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo. Husemwa kwamba ni kazi ya Wareno. Hapana. Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498, na misikiti ya mawe ilikuwa imeshajengwa hapa: wa kwanza wa Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ni wa karne ya 13. Wengine husema ni Waarabu au Waajemi waliokuja na miji yao tayari. Wageni walikuja kweli, wakafanya biashara, wakaoa, wakazikwa hapa. Ila wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta chini ya kuta za mawe za pwani nyumba za udongo na miti, na vyungu vya wenyeji, vya karne nyingi nyuma. Miji hii ilikua papo hapo, mikononi mwa Waswahili.

Tazama ukuta kwa karibu. Jiwe lenye matundu ni tumbawe la kale lililochimbwa nchi kavu. Kwa pembe za milango na mihrabu, mafundi walitoa tumbawe hai baharini, wakalichonga likiwa bado na maji, kwa sababu likikauka huwa gumu. Chokaa nayo ni tumbawe: lilipangwa juu ya tanuri la magogo, likachomwa, kisha likaachwa linyeshewe mpaka livunjike kuwa unga. Chokaa ikiwa mbichi, bakuli za kaure za China ziligandamizwa kwenye nguzo ya kaburi. Zilivuka bahari mkono kwa mkono, na hatua ya mwisho zililetwa na pepo za kaskazi.

Leo mahali pengi utaona shimo la duara tu lenye alama ya kitako cha bakuli. Mwizi amezibandua. Na hapa hadithi za majini zinazolinda hazina zimetuumiza sana. Zinamfukuza mtoto wa shule asije kujifunza, na zinamvuta mwenye sururu aje kuchimba kaburi. Chini hakuna dhahabu inayomngoja. Mali ilikuwa nje, mbele ya macho, imewekwa kumheshimu marehemu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazilinda sehemu hizi, lakini sheria haisimami pale usiku kucha. Mtaa unaozijua ndio unaozilinda.

Basi ipange Jumamosi yako hivi: tafuta siku ya bamvua, fikeni ufukweni saa tatu asubuhi, muondoke maji yakianza kujaa, mle samaki, kisha alasiri mwende magofuni. Msipande kuta, msiokote hata kigae kimoja. Mtoto akiuliza nani alijenga, mjibu bila kusita: watu wa hapa.