FAILI IKIBANWA, NINI HUPOTEA?

Wanachama wenzangu hawachoki kuniuliza: "Hizi sauti za wazee tulizorekodi, si tuzibane tu zitoshe kwenye simu?" Kuuliza si ujinga. Lakini kabla sijajibu, hebu tuelewane juu ya maneno matatu.

La kwanza ni sampuli. Kompyuta haiandiki sauti yenyewe. Huipima mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. Katika CD ya muziki, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ndiyo maana dakika moja tu hula megabaiti 10 hivi.

La pili ni kodeki, yaani mbinu ya kufunga na kufungua namba hizo. Wengi huichanganya na faili. MP4, kwa mfano, ni gunia tu. Ndani yake mna picha, labda iliyofungwa kwa kodeki ya H.264, na sauti iliyofungwa kwa AAC. Umewahi kuona video inayotoa sauti bila picha? Basi gunia limefunguka, lakini mashine haijui kufungua mojawapo ya vilivyomo.

La tatu ndilo kiini cha makala haya: kubana. Kuna kubana bila kupoteza, kama FLAC. Ukifungua unapata namba zile zile. Halafu kuna kubana kwa kutupa. MP3, ambayo kanuni yake ya kimataifa ilichapishwa mwaka wa 1993, hutupa sehemu za sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua kwa urahisi. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, zile megabaiti 10 hubaki kama 1. Faida kubwa, sivyo?

Lakini kilichotupwa hakirudi ng'o! Ukiigeuza MP3 iwe WAV, faili itanenepa bure. Ni kama kumwaga nusu ya chai kisha ukajaza maji: kikombe kimejaa, ila chai ni ile ile nusu. Na ukibana tena kilichokwisha kubanwa, unatupa mara ya pili.

Sasa jibu langu. Baadhi ya wazee waliotusimulia ngano wametutoka. Hatuwezi kuwarudia na kinasa sauti. Kwa hivyo faili ya kwanza na iachwe vile ilivyo, iwekwe mahali pawili tofauti, kisha tubane nakala tu. Hapo kila mmoja atasikiliza kwenye simu yake, na wadogo zetu watakaotufuata chamani watasikia kila kitu, hata kile kikohozi cha mzee kabla hajasema "Paukwa!"