Mwano

Juzi usiku, nyumba ya tatu kutoka hapa, mama mmoja alilia. Mlisikia, wajukuu zangu, nami nilisikia. Mbwa wakabweka, kisha kilio kikakatika ghafla, na hapa Kasoli hapana mlango uliofunguliwa. Asubuhi mdogo wenu wa darasa la nne akaniuliza, "Bibi, ng'ombe walipoibwa, kijiji kizima kilikesha porini. Mbona juzi hakuna aliyetoka?"

Nikamwambia angoje jioni, maana swali lile halijibiwi mtu akiwa na ndoo ya maji kichwani. Sasa moto umekolea. Sogeeni.

Mwano mnaujua. Ila hadithi hii itasomwa na wenzenu walio mbali na Bariadi, wasiojua Kisukuma, basi niwaeleze na wao. Mwano ni yowe la hatari. Likipigwa boma moja, boma la pili linalipokea na kulipaza, la tatu linalipokea, mpaka nchi yote ya mashamba ya pamba inajua kwamba kuna jambo. Mwanamume mwenye nguvu anatoka na fimbo yake hata kama alikuwa mezani. Asiyetoka bila sababu anatozwa faini. Sungusungu, jeshi letu la jadi la kulinda vijiji, walipoanza kule Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakuwa na magari wala simu. Walikuwa na miguu na makoo.

Lakini mwano wetu una kasoro, na mimi bibi yenu nimeishi nayo miaka yote hii. Tunautoa kwa ng'ombe. Tunautoa kwa moto na kwa fisi. Mke akipigwa na mumewe tunavuta blanketi na kusema, "Hayo ni mambo ya ndani." Tena kuna wakati jeshi hilo hilo la jadi liliwageukia bibi vizee, likawafukuza kwa sababu mtu fulani amesema ni wachawi. Kosa lao kubwa lilikuwa macho mekundu. Na ninyi mnajua macho hayo yanatoka wapi: miaka hamsini ya kupuliza moto wa mabua ya pamba na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Katika nchi hii yetu ya Usukuma bibi wengi wameuawa kwa mapanga kwa ajili ya moshi. Wao ndio waliopikia familia zetu, na hatukuwapigia mwano.

Sasa twendeni Nairobi, tukaone waliotoka mwenzao alipolia.

Mjini watu wanaishi ukuta kwa ukuta, ghorofa juu ya ghorofa, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima asijue jina la jirani yake. Yowe likipigwa kule linapotelea katika honi za magari. Basi mwezi wa Novemba mwaka 2014, kwenye kituo cha matatu katikati ya jiji (matatu ni daladala zao), wanaume walimzunguka mwanamke wakamvua nguo mchana kweupe, wakidai amevaa vibaya. Wengine walisimama kutazama. Mmoja akarekodi kwa simu, video ikasambaa.

Tarehe 17 ya mwezi ule wanawake, na wanaume pamoja nao, walikusanyika bustani ya Uhuru wakatembea mpaka barabara ya Accra, kwenye kituo kile kile. Nguo yangu ni hiari yangu, ndiyo iliyokuwa kauli yao. Wako waliovaa au kubeba sketi fupi makusudi. Wako wanaume waliowazomea njiani, na hawakurudi nyuma. Kabla mwaka haujaisha, sheria ya Kenya ilibadilishwa, ikasema wazi kwamba kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la jinai lenye kifungo kirefu.

Kutembea huko kunaitwa maandamano. Lisikilizeni neno lenyewe. Kuandama ni kufuata, na kuandamana ni kufuatana, huyu na yule, njia moja. Mkienda kisimani alfajiri nawaambia muandamane, asiende mtu peke yake. Wale wa Nairobi walifanya hilo hilo. Walifuatana mpaka mahali ambapo mwenzao aliachwa peke yake.

Miaka ikapita. Januari 2024 habari za wanawake kuuawa Kenya zilifuatana mno, nyingine zikitoka kwenye vyumba vya kukodi kwa siku moja. Kuna waliouliza mitandaoni, "Alifuata nini huko?" Mtu amekufa, na wao wanamhoji marehemu! Jumamosi tarehe 27 maelfu wakaingia barabarani Nairobi, na katika miji mingine, Mombasa na Kisumu ikiwemo. Walibeba majina ya waliokufa. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: acheni kutuua. Mwanasiasa mmoja alipotaka kuhutubia, walimpigia kelele mpaka akanyamaza, kwa sababu siku ile hawakuja kusikiliza hotuba.

Vifo havikukoma. Septemba mwaka ule ule Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki kule Paris, alifariki baada ya kuchomwa moto nyumbani kwake Kenya na aliyekuwa mpenzi wake. Mwanamke aliyeweza kukimbia kilomita 42 alifikiwa na hatari uani kwake. Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Tunawaonya wasichana waogope barabara ya giza, na ni kweli ina hatari. Ila Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2023, duniani kote, wanawake na wasichana wapatao 140 waliuawa kila siku na wenzi wao au ndugu zao. Ni watu waliokula nao chungu kimoja.

Disemba 10 mwaka 2024 waliandamana tena Nairobi, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Mwezi uliofuata Rais William Ruto akaunda jopo la watu 42 kuchunguza ukatili huo, chini ya Nancy Baraza, aliyewahi kuwa Naibu Jaji Mkuu. Jopo si dawa. Lakini mlango ulifunguliwa, mtu akatoka na tochi kuuliza kuna nini.

Tarehe ile 10 Disemba ndiyo mwisho wa zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia mnazozisikia redioni. Zinaanza Novemba 25, siku ambayo mwaka 1960, katika Jamhuri ya Dominika, dada watatu wa familia ya Mirabal waliuawa kwa kumpinga dikteta Trujillo. Patria, Minerva na María Teresa. Yashikeni majina yao.

Hapo mkubwa wenu akanikatiza. "Bibi, kwani sheria ya kwetu inasemaje? Mume haruhusiwi kumchapa mkewe?"

Haruhusiwi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nilikuwa msichana ilipoandikwa, na sikuwahi kuisikia ikisomwa kwenye harusi hata moja. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ninyi watoto mna namba yenu, 116, haina gharama. Na kabla ya simu kuna mwalimu, kuna mtendaji, kuna mimi.

"Na wale wanaume wa Nairobi," akauliza mdogo, "wao waliandamana kwa nini?"

"Mwano ukipigwa hapa kwetu, nani hutoka kwanza?"

"Baba."

Akanyamaza. Akageuza shingo kutazama ile nyumba ya tatu, taa yake ikiwa bado inawaka. Baba yake, aliyekuwa amekaa kigodani muda wote akichonga mpini wa jembe, akauweka chini. Nikajifunga kitenge, nikachukua tochi. Tukafuatana, yeye mbele na mimi nyuma, tukaenda kubisha hodi.