Maumivu ya Misuli Baada ya Kukimbia: Jiulize Kabla ya Kununua Dawa

Katika tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, mkimbiaji hawezi kuikwepa miteremko. Hali ni hiyo hiyo katika vilima vya Karatu, alikozaliwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Ardhi ya namna hii hukuza wakimbiaji, lakini pia huwaumiza. Maumivu yanapoanza, wengi huelekea dukani kununua vidonge. Tunawashauri watumiaji watangulize swali moja: huu ni uchovu wa misuli au ni jeraha? Jibu ndilo litakaloamua kama fedha zitumike kwa dawa, kwa nauli ya hospitali, au zibaki mfukoni.

Namna ya kutofautisha

Uchovu wa misuli huanza saa kadhaa baada ya mazoezi, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua wenyewe ndani ya wiki moja. Kwa kawaida huhisiwa katika miguu yote miwili. Kushuka mlima huuleta zaidi kuliko kupanda, kwa sababu msuli hulazimika kukaza huku ukivutwa. Uchovu huu hauhitaji dawa. Matembezi mepesi, maji, chakula cha kutosha na usingizi vinatosha.

Jeraha hujitambulisha kwa njia nyingine. Maumivu huja ghafla, au huongezeka kila unapokimbia. Hukaa mahali pamoja. Huambatana na uvimbe, weusi wa ngozi au kuchechemea. Mfupa wa muundi unaouma sehemu moja unapobonyezwa huenda umepata ufa.

Huduma ya kwanza

Acha kukimbia mara moja. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, ukirudia mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji ya kuvutika bila kuikaza mno, na uinue mguu unapopumzika. Kwa siku mbili au tatu za mwanzo usichue wala usikande kwa maji ya moto, kwani uvimbe unaweza kuongezeka.

Unaponunua dawa

Dawa ya maumivu hupunguza maumivu. Haiungi msuli uliochanika. Kumeza kidonge ili uendelee kukimbia ni kuzima kengele ya hatari huku moto ukiendelea kuwaka.

- Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, wala si kwa wachuuzi wa mnadani. Dai risiti, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24.
- Usichanganye diklofenaki na ibuprofeni. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, wamwone mtaalamu wa afya kabla ya kutumia mojawapo.
- Usikubali kuchomwa sindano dukani.
- Ukipata madhara, acha dawa na utoe taarifa katika kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Usichelewe kwenda hospitali

Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali, kama ile ya Wasso, iwapo huwezi kukanyagia mguu, umesikia mlio wakati wa kuumia, kiungo kimepinda, au shavu la mguu mmoja limevimba na kuwa la moto. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi baada ya mbio kali ni dharura, kwani figo zinaweza kudhurika.

Kurudi mbioni

Mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki nchini Mexico, akafungwa bandeji na kumaliza akiwa wa mwisho. Taifa linamheshimu kwa ushupavu huo. Lakini mashindano kama yale huja mara chache maishani. Mazoezi ya kesho asubuhi yanaweza kuahirishwa. Anza tena kwa kutembea bila maumivu, kisha ukimbie polepole mahali tambarare. Miteremko iwe ya mwisho. Maumivu yakirejea, rudi hatua moja nyuma. Yakidumu zaidi ya wiki mbili, mwone mtaalamu wa afya.